Maji Yaliyochemka Mpaka Yakaganda

Jina lake kamili liko kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote hospitalini, kuanzia getini mpaka chumba cha upasuaji, anaitwa Mama Birika, na ukimwita vinginevyo huenda asigeuke.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila mfanyakazi mpya aliyeletwa kwenye chumba chake, kabla hata hajaonyeshwa pa kuweka mkoba, alisimamishwa mbele ya birika la chai linalochemka na kuulizwa, "Haya, mvuke uko wapi hapo?" Mgeni alionyesha lile wingu jeupe. Wote huonyesha wingu.

"Hapana. Hayo ni maji, yamesharudi kuwa matone. Tazama kwenye mdomo wa birika, hapo kati, pasipo na kitu. Mvuke wenyewe ni hapo. Tia kidole kama hunisadiki."

Hakuna aliyewahi kutia kidole.

Chumba chake kiko nyuma ya jengo la upasuaji, na kimegawanywa kwa ukuta. Upande wa kwanza huingia mikasi, koleo, visu na mabakuli yakiwa bado na damu. Upande wa pili vitu hivyo hivyo hutoka safi, vimefungwa kwa vitambaa vizito vya kijani na kubandikwa utepe ambao ukishapikwa sawasawa hutoa mistari myeusi. Katikati ya ukuta imepachikwa mashine ya mvuke, pipa nene la chuma lililolala ubavu, na mlango wake ni mzito hivi kwamba wanawake wafupi huufunga kwa kuuegemea kwa bega. Mama Birika ni mfupi. Bega lake la kulia, anasema, ni mali ya serikali.

Alianza kama mfagiaji wodini. Siku moja mhudumu wa chumba kile akaacha kazi ghafla, akatafutwa mtu yeyote mwenye mikono miwili, naye alikuwa akipita na ndoo. Mwalimu wake alikuwa mzee wa zamu ambaye sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na ngurumo za boila, mtambo unaotoa mvuke, kwa hiyo alifundisha kwa kupiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto.

"Maji ya sufuria yakishachemka, ongeza kuni, ongeza gesi, ongeza unachotaka, hayapati joto zaidi!" alimpigia kelele wakiwa wamesimama kila mmoja hatua moja tu kutoka kwa mwenzake. "Yanaruka tu yanakwenda zake! Lakini ule mvuke ukiufungia chumani ukaubana, hapo sasa! Joto linapanda, hakuna kijidudu kitakachobaki kusimulia! Mvuke huo ukigusa mkasi wa baridi, unageuka maji pale pale, na mzigo wote wa joto unautua kwenye mkasi! Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Nini?"

"Nimeelewa!"

Alichoelewa baadaye, peke yake, ni nusu ya pili ya habari. Yale maji yaliyotokana na mvuke lazima yatolewe tena. Mwishoni mwa mapishi, mashine hunyonya hewa yote, matone yanarudi kuwa mvuke na kuondoka, na furushi linatoka kavu kabisa. Likitoka na unyevu, kazi yote ni bure, kwa sababu kitambaa kilicholowa ni njia. Kijidudu kilichoko nje, mezani, mkononi mwa mtu, kinapita kwenye unyevu ule mpaka ndani.

Mwaka wake wa pili kazini hakuwa amelielewa hilo vya kutosha. Asubuhi moja simu ya chumba cha upasuaji ililia mara tatu mfululizo. Kulikuwa na mama mjamzito anayehitaji kupasuliwa mara moja. Furushi lilikuwa limetoka na doa la unyevu kwenye kona moja, dogo, la ukubwa wa kiganja. Akalipangusa kwa kitambaa safi, akalipepea, akalitoa.

Mtoto alizaliwa salama. Kidonda cha mama yake kikaoza.

Hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyejua. Alipomuuliza dada mkuu wa chumba cha upasuaji, kwa kuzungukazunguka, kama kidonda kinaweza kuoza kwa sababu ya furushi lenye unyevu, dada mkuu alimjibu bila kuinua macho, "Kinaweza. Na kinaweza kwa sababu nyingine hamsini." Yule mama alilala wodini majuma matano. Kila siku, kabla ya kwenda nyumbani, Mama Birika alipita kitandani pake, akamjazia jagi la maji, akambeba mtoto kidogo, akaondoka. Yule mama alimshukuru kila siku, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Alipona, akaruhusiwa, akaenda zake na mwanawe mgongoni. Mama Birika hakumwambia neno. Mpaka leo hajui kama alimdhulumu au la, na ameshazoea kwamba hatajua.

Tangu siku hiyo akawa anapitisha nyuma ya mkono wake juu ya kila furushi kabla halijatoka. Si kiganja, maana kiganja kimeshakuwa sugu. Nyuma ya mkono. Wenzake walimtania kwamba anayabariki.

Miaka ilipita namna hiyo. Mumewe, fundi viatu mwenye maneno machache, alikuwa na mdogo wake aliyekuja kukaa nao kwa muda mfupi akitafuta nyumba, na ule muda mfupi sasa una mwaka wa kumi na moja. Huyu shemeji ni mwalimu wa sayansi wa sekondari. Yeye na Mama Birika hawajawahi kula meza moja bila kutupiana vijembe.

"Shemeji, leo umepika watu wangapi?"

"Nimebakiza nafasi yako. Wewe ni mkavu, hutachukua muda."

Kisha likatokea lile la daktari.

Lilikuwa juma ambalo mafurushi yalianza kutoka na unyevu, moja leo, mawili kesho. Mama Birika aliyarudisha, akayapika upya, akaandika kwenye daftari, akamwambia msimamizi wa ufundi. Msimamizi akasema atatazama. Siku ya nne, mafurushi yote sita ya asubuhi yalitoka yamelowa. Mkono wake ulijua kabla macho hayajaona.

Daktari mkuu wa upasuaji alikuja mwenyewe, na joho lake na kofia yake, mlangoni.

"Mama, mgonjwa amelala mezani." Akageuka kwa dada mkuu aliyemfuata mbio. "Ameshachomwa sindano ya usingizi?"

"Bado, daktari. Tulikuwa tunaanza."

"Basi nipe hivyo vifaa tuanze."

"Vimelowa, daktari," Mama Birika alisema. "Sivitoi."

"Vimepikwa au havijapikwa? Utepe si umetoka mweusi?"

"Utepe unasema vilipata moto. Hausemi kama ni vikavu."

"Unanifundisha kazi?"

Mama Birika akasimama mbele ya meza, akaweka mikono yote miwili juu ya mafurushi kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke. "Daktari, niandikie barua, nifukuze, lakini hivi havitoki."

Upasuaji ulisogezwa mpaka vikaletwa vifaa vya hospitali ya jirani, saa mbili na nusu baadaye. Mgonjwa hakudhurika. Barua iliandikwa kweli. Alihamishiwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka, "kwa muda usiojulikana."

Siku ya tatu ya kukunja mashuka, nyumbani, shemeji yake aliuliza, safari hii bila mzaha, "Mafurushi yalilowa kwa nini hasa?"

"Mvuke unakuja na maji. Mvuke mzuri hauna maji ndani yake. Huu unafika umeshachoka, umeshaanza kurudi kuwa maji njiani."

"Njiani kuna nini?"

"Bomba. Na kwenye bomba kuna kidude cha kutoa maji, mafundi wanakiita mtego. Maji yakijikusanya kinafunguka, yanatoka, kinajifunga, mvuke unaendelea na safari." Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Kile kidude zamani kilikuwa kinalia, tik, tik. Sijakisikia siku nyingi."

Kesho yake alimwendea msimamizi wa ufundi, akiwa bado na aproni ya chumba cha kufulia, akamwambia habari ya mlio. Msimamizi alifungua mtego mbele yake. Ulikuwa umejaa kutu na uchafu mgumu kama jiwe. Maji hayakuwa na pa kutokea, yakawa yanapanda na mvuke mpaka kwenye mafurushi. Ulibadilishwa adhuhuri hiyo. Mama Birika alirudishwa chumbani kwake baada ya majuma matatu, kwa barua nyingine isiyotaja ile ya kwanza. Daktari hakuomba radhi. Ila tangu hapo, akipigiwa simu kwamba vifaa vitachelewa, alikuwa akiuliza tu, "Mama Birika ndiye aliyesema?" Akiambiwa ndiye, alikaa akangoja.

Hospitali ilipoanza kufanya upasuaji kwa kupitisha kamera na mirija myembamba kwenye tundu dogo tumboni, mvuke ulikutana na kitu usichokiweza. Kamera zile zingeharibika kwa joto. Ikaagizwa mashine nyingine. Ilifika ikiwa nyeupe, ya mraba, na kidirisha kidogo cha kioo mlangoni, na kwenye karatasi za kufundishia lilikuwepo neno moja ambalo Mama Birika aliliandika kwenye mkono wake asilisahau: plazma.

Jioni alimkuta shemeji yake akipiga pasi shati la kazini.

"Mwalimu, plazma ni nini? Usinijibu kwa kujidai."

Shemeji aliegesha pasi. Alifurahi, na alijitahidi isionekane. "Yabisi, kitu kigumu, unakijua. Barafu. Chembe zake zimeshikana, zinatetemeka tu pale zilipo. Zipashe moto, zinaachiana kidogo, zinateleza, hayo ni maji. Zipashe tena, kila moja inashika njia yake, huo ni mvuke, ni gesi. Unanifuata?"

"Mwenzio ninaifanya hiyo kila siku. Endelea."

"Sasa ichukue gesi uipe nguvu zaidi, ya umeme, mpaka chembe zenyewe zianze kuvunjika. Sehemu zake ndogo zinang'oka, zinatembea huru. Si gesi tena. Hiyo ndiyo plazma. Inawaka." Akaonyesha kwa kidole ile taa ya mrija darini. "Imo ndani ya hiyo taa, umekuwa ukikaa chini yake miaka yote. Radi ni hiyo. Jua ni hiyo hiyo."

Mama Birika akatazama taa, ambayo upande mmoja ulikuwa umeanza kuwa mweusi. "Kwa hiyo wameniletea jua ndani ya kabati."

"Jua la baridi. Si joto linaloua hapo. Mashine inanyonya hewa yote, inaingiza mvuke wa ile dawa inayotoa povu ukiitia kwenye kidonda, kisha inaupiga umeme. Dawa ndiyo inayoua. Umeme unaivunja, na ikimaliza kazi haibaki sumu. Inageuka maji kidogo na hewa."

"Inarudi kuwa maji," alisema taratibu, na hapo ndipo hofu yake ilipopungua kidogo. Hofu yenyewe hakuwa ameisema kwa mtu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na alikuwa amesikia kwenye korido kwamba wenye umri wake hawatafundishwa mashine mpya.

Waliofundishwa walikuwa vijana wawili wa zamu, wenye vyeti. Mama Birika aliambiwa aendelee na pipa lake. Juma la kwanza mashine nyeupe ilifanya kazi mara mbili, ikakataa mara tisa. Ilianza vizuri, ikanyonya hewa, ikangoja, kisha ikapiga kengele na kuandika kwenye skrini: mzunguko umesitishwa. Vijana walibonyeza kila kilichobonyezeka. Akaitwa fundi kutoka kwa waliouza mashine, binti mwenye miwani mikubwa, aliyeingia na kusalimia kila mtu kabla ya kutua begi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kakutesa huyu mweupe?"

"Bado hajaanza," binti alijibu, na Mama Birika akampenda.

Siku mbili binti alipima kila kitu. Alifungua pampu, akaifunga. Akabadilisha mpira wa mlango. Bila kitu ndani, mashine ilikwenda mpaka mwisho, ikatoa mwanga wake, ikazima. Wakitia vifaa vya kamera, ilikataa. "Pampu inavuta, lakini presha haishuki mpaka inapotakiwa," alimweleza Mama Birika, ambaye alikuwa amekuja kusimama pembeni na kikombe chake cha chai. "Ni kama kuna kitu humo ndani kinachoendelea kutoa hewa. Na hakuna tundu. Nimetafuta."

Mara ya kumi na mbili ya kukataa, kengele ilipolia na mlango kufunguka, binti aliondoka kwenda kupiga simu ofisini kwao. Mama Birika akajipangusa mikono, akavaa glavu, akautoa mmoja wa ile mirija myembamba ya chuma. Akavua glavu moja. Hakutakiwa, lakini akaivua, akapitisha nyuma ya mkono wake kwenye chuma kama alivyopitisha kwenye maelfu ya mafurushi.

Ulikuwa baridi. Si baridi ya chuma kilicholala kabatini. Baridi ya kuuma. Na kwenye mdomo wa mrija, ndani kidogo, kulikuwa na kitu cheupe kama chembe ya chumvi. Alipokigusa kwa ncha ya kidole kikawa tone la maji.

Alisimama palepale na lile tone kidoleni. Barafu. Ndani ya mashine ambayo kuta zake zina joto.

Binti aliporudi alimkuta bado amesimama.

"Mwanangu, mashine yako inagandisha maji."

"Haiwezi, mama. Ndani ni vuguvugu."

"Shika hapa."

Binti alishika. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaketi kwenye kiti chenye vigurudumu kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma.

"Mirija haikuwa mikavu," alisema.

"Mimi najua kwamba haikuwa mikavu. Nataka kujua imegandaje."

"Hewa ikinyonywa, maji hayahitaji moto kuchemka. Hakuna kinachoyabana. Yanachemka hivi hivi, kwa joto la chumba." Alikuwa akisema polepole, akijisikiliza. "Lakini maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Lazima yalipate mahali. Basi yanalichukua kwenye yale maji yanayobaki, na yanayobaki yanapoa, yanapoa, yanachemka huku yanapoa..."

"Mpaka yanaganda."

"Mpaka yanaganda. Na barafu nayo inaendelea kutoa mvuke kidogo kidogo. Ndiyo maana presha haishuki."

Mama Birika alikuwa akifikiri juu ya lile tone. Maisha yake yote ya kazi, kuchemka kulikuwa ni moto, na mtu akisema maji yamechemka, alirudisha mkono nyuma. Kumbe kuchemka ni kuondoka tu. Moto ni namna moja ya kuyafungulia mlango. Kuyaondolea mzigo ulioyakalia ni namna nyingine. Alijisikia kama mtu aliyekaa na jirani miaka ishirini na mitano, kisha akagundua kwamba jirani anajua kuimba.

Vijana wa zamu waliulizwa. Walikuwa wakiosha mirija, wakiikung'uta, wakiipangusa nje mpaka inang'aa. Ndani, hakuna aliyeipuliza. Mama Birika alileta mrija wa hewa iliyobanwa uliokuwa ukutani, akapuliza kila kifaa mara tatu juu ya kipande cha karatasi laini, mpaka karatasi haikupata tena hata nukta. Vikaingizwa.

Pampu ikavuta. Wote wanne wakasimama wakitazama skrini, na namba zikashuka, zikashuka, zikapita pale zilipokuwa zikikwama. Kisha nyuma ya kidirisha ukatokea mwanga wa zambarau, hafifu, uliotulia, usio na sauti yoyote. Mama Birika alikuwa amezoea mashine inayonguruma na kuhema. Hii iliwaka tu, kimya, kama inawaza.

"Ndilo jua hilo?" alinong'ona.

"Ndilo hilo, mama."

Alitazama mpaka likazimika. Binti naye alitazama, ingawa alikuwa ameliona mara mia.

Kwenye ripoti yake binti aliandika kwamba hitilafu iligunduliwa na mhudumu wa chumba, akaomba, kwa maandishi, mhudumu huyo afundishwe mashine rasmi. Ofisi ilichukua miezi minne kukubali. Cheti chake kimetundikwa ukutani, kimekaa upande kwa sababu msumari ulipigwa vibaya, na hataki mtu akinyooshe. Sasa anaendesha mashine zote mbili, na wale vijana wenye vyeti humwita wanapokwama, na wakati mwingine wasipokwama.

Mwezi uliopita shemeji yake alimwomba, baada ya kuzungukazunguka sana, aende akazungumze na darasa lake. Alikwenda akiwa amevaa nguo yake nzuri, akasema kwa dakika arobaini bila kukaa, akachora mashine ubaoni, akawaeleza habari ya mirija. Alipomaliza, msichana mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono.

"Mama, nikitia mkono wangu kwenye hayo maji wakati yanachemka, yataniunguza au yatanigandisha?"

Darasa lilicheka. Mama Birika hakucheka. Aligeuza mkono wake akautazama nyuma.

"Mkono wako hauwezi kukaa mahali pasipo na hewa," alisema, "kwa hiyo mkono usitie. Lakini swali lako ni zuri na sina jibu lake lote. Nitamuuliza binti wa mashine, nitakuletea."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani shemeji hakumrushia kijembe hata kimoja.

"Nimekuaibisha?" aliuliza Mama Birika.

"Hapana," shemeji akasema. "Wanafunzi wameniuliza kama wewe unaweza kuja Alhamisi pia, mimi nipumzike."